Kwa Nini Famasi Yetu Haiuzi Antibaotiki Bila Cheti

Wateja wetu wengi hufika kaunta wakiwa na jina la dawa na kiasi cha fedha tayari: "Naomba amoksilini za elfu moja," au "Nipe azithromisini, UTI imenirudia." Tunapowaomba cheti cha daktari, baadhi yao huona tunawasumbua, hasa wanapojua kuwa kuna duka jirani ambalo lingewauzia bila swali lolote. Ni haki yao kujua kwa nini tunakataa, na tunaweza kuwasaidia vipi pale tunapokataa.

Kisheria, hapa Tanzania antibaotiki ni dawa za cheti, na hilo peke yake lingetosha. Sababu inayotugusa zaidi, hata hivyo, ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wataalamu huufupisha UVIDA. Wanaojenga usugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa. Kila antibaotiki inapomezwa huua bakteria inaoweza kuwaua, wakiwemo wale wa tumboni wasio na madhara, na kuwaachia nafasi wachache wenye uwezo wa kuihimili. Hao huzaana, na wanaweza hata kuwagawia bakteria wa aina nyingine vinasaba vya usugu wao. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kutumia dawa ovyo anaweza kuambukizwa bakteria sugu nyumbani au wodini. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya maambukizi sugu, na Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Tungependa kuzungumzia UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoleta maombi mengi zaidi. Siku hizi karibu kila homa, kila maumivu ya kiuno na kila uchovu hupewa jina hilo, ilhali maumivu wakati wa kukojoa yanaweza pia kutokana na fangasi au magonjwa ya zinaa, ambayo matibabu yake ni tofauti. Mteja anayesema UTI yake "inarudi" kila anapomaliza dawa hahitaji dawa nyingine ya kubahatisha; anahitaji kipimo cha kuotesha mkojo. Maabara huwakuza bakteria kwenye sahani maalumu, kisha huweka juu yake vijikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Pale ambapo dawa inafanya kazi, kunabaki duara safi lisiloota kitu kuzunguka kijikaratasi. Pale iliposhindwa, bakteria huota hadi ukingoni mwake. Majibu huchukua siku mbili au tatu, na sampuli inapaswa kutolewa kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa sababu dawa ikishaanza inaweza kuwaficha bakteria wanaotafutwa.

Kwa mafua na kikohozi cha kawaida jibu letu ni fupi: husababishwa na virusi, na antibaotiki haziui virusi. Mtoto anayeharisha maji bila damu anahitaji ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) na zinki, si metronidazo ambayo wazazi wengi huiulizia kwanza. Akionekana mlegevu, akishindwa kunywa au akitoa damu kwenye choo, tafadhali mpelekeni kituo cha afya moja kwa moja, msipitie kwetu.

Ombi jingine tunalolisikia ni "nipe iliyo kali zaidi." Tangu mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani limezigawa antibaotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalizi, na za akiba kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwaponya. Amoksilini na doksisaikilini zimo katika kundi la kwanza; azithromisini, siprofloksasini na sindano za seftriaksoni zimo katika kundi la pili. Kuanza na dawa ya kundi la pili mahali ambapo ya kundi la kwanza ingetosha hakumponyi mgonjwa haraka zaidi, bali kunaharakisha siku ambayo dawa hiyo nayo itashindwa.

Tunafahamu vilevile kwamba anayeomba vidonge vya elfu moja mara nyingi ndiyo fedha aliyonayo mfukoni, na hatumlaumu. Hatutamkatia nusu dozi, lakini hatutamwacha aondoke mikono mitupu. Kama ana cheti na fedha haitoshi, mfamasia wetu atampigia daktari aliyeandika ili waangalie kama ipo dawa ya bei nafuu inayofaa. Kama hana cheti, tutamsikiliza, tutamweleza aanzie wapi, na tutampa dawa ya maumivu au ya homa ikiwa hiyo ndiyo anayohitaji. Ushauri huo hatuutozi.

Mnapokuja na cheti, tuambieni kama mgonjwa ni mjamzito, kama amewahi kupata vipele au kuvimba baada ya kutumia penisilini, na dawa nyingine anazotumia. Siprofloksasini, kwa mfano, haifyonzwi vizuri ikimezwa pamoja na maziwa au vidonge vya madini ya chuma. Tumieni dawa kwa idadi ya siku alizoandika daktari, hata kama ni chache kuliko mlivyozoea. Dawa ya maji ya watoto iliyo katika hali ya unga huchanganywa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama ya chupa, na hutikiswa kabla ya kila kijiko. Amoksilini ya aina hiyo ikishachanganywa isitumike baada ya siku 7, isipokuwa lebo iseme vinginevyo, na kilichobaki kisiwekwe kwa ajili ya mdogo wake: kirudisheni kwetu, nasi tutahakikisha kinateketezwa kwa utaratibu unaotakiwa.