Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar

YAH: MAANDISHI YA SUKARI KWENYE BOKSI ZA JUISI

Ndugu Mkurugenzi,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, boksi ya juisi ya maembe ipo mbele yangu. Usoni, kwa Kiingereza na Kiarabu, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haikuongezwa sukari. Mwenye duka kaniambia hiyo ndiyo ya watu wenye sukari, na Ramadhani watu huwachukulia wazee wao kwa futari. Simlaumu, naye kasoma kilichoandikwa.

Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, mna jedwali: gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100. Gilasi ya mililita 250 basi ina gramu 27 na nusu. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hiyo ni karibu vijiko saba. Nani Pemba hii atamtilia mgonjwa vijiko saba kwenye kikombe, kisha amwambie, "Kunywa mama, hii haina neno"?

Aliyeandika hakusema uongo, na hapo ndipo penye tabu. Sukari haikutiwa kweli, lakini ya embe lenyewe imo yote. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Sukari ya juisi ya matunda imo katika hesabu hiyo. Kitu cha kuitwa "hakina sukari", kwa miongozo ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, hakitakiwi kizidishe nusu gramu katika gramu au mililita 100. Madai mawili, mbali kabisa, na mnunuzi anayaona mamoja.



Siombi juisi izuiwe. Na mimi naipenda. Naomba kila boksi yenye dai hilo ibandikwe stika ya Kiswahili usoni, pembeni ya dai lenyewe, itaje gramu za sukari na idadi ya vijiko kwa gilasi moja. Chile walianza 2016 kuweka alama nyeusi ya pembe nane kwenye vyakula vilivyozidisha sukari, na inaonekana hata bila miwani. Kwetu muagizaji aibandike kabla mzigo haujatoka bandarini, maana ukishafika dukani hakuna atakayehangaika nao.

Wako,
Mkaazi wa Wete, Pemba