Mkono umelipwa, kichwa je? Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, Pemba, kwa niaba ya kaka yangu, mchumaji karafuu, na kwa idhini yake.

Msimu uliopita alianguka mkarafuuni. Tawi lilikatika, akaja chini pamoja na pakacha lake. Mkono wa kushoto ukavunjika, kichwa kikagonga mzizi. Alizimia kwa muda wa wenzake kumfungua vifungo na kummwagia maji, kisha akafumbua macho na kuuliza kama pishi zake zimeshapimwa. Sote tukamshukuru Mungu. Usiku ule alitapika mara mbili, tukadhani ni njaa.

Hospitali walimfunga plasta mkononi, wakamshona nyuzi nne kichwani, wakaandika kwenye karatasi alama 15 na maneno "jeraha dogo la kichwa". Neno hilo "dogo" ndilo lililotufunga. Baadaye nilielezwa kwamba alama zile ni za kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Mgonjwa hutazamwa anavyofungua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo, akapewa alama kuanzia 3 hadi 15. Anayepata 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha dogo. Kipimo ni kizuri, kimeokoa watu wengi. Lakini kinasema hali ya mtu saa ile anayopimwa. Hakisemi atakuwaje miezi sita mbele.

Ofisi iliyoshughulikia madai yake ilisubiri plasta ifunguliwe. Mkono ukahesabiwa, aliyekodi shamba akalipa, faili likafungwa. Kichwani palikuwa na kovu tu, nywele zimeshalifunika.

Nyumbani ndiko tulikoliona jeraha lenyewe. Mtu aliyekuwa mpole akawa anawafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka. Mvua ikipiga bati, anaziba masikio na kujifungia chumbani. Anatumwa dukani, anafika, anasimama hajui alichofuata. Majirani wakasema kapandwa na shetani, na siwalaumu, maana hata mimi nilimpeleka kwa mganga, tena si mara moja.

Siku moja mkewe alikuwa ameanika karafuu kwenye jamvi mbele ya nyumba. Kaka alichota konzi moja, akazifikicha, akazipeleka puani. Akauliza, "Hizi za mwaka gani? Mbona hazinuki?" Zilikuwa zimechumwa jana yake. Njia nzima ilikuwa inanukia.

Tukavuka naye kwenda Unguja, na daktari alitufafanulia kwa subira. Kichwa kikigonga, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Nyuzi za neva za kunusa hupita kwenye vitundu vya mfupa mwembamba ulio juu ya pua, na mtikisiko huo huweza kuzikata. Vivyo hivyo nyuzi nyembamba za ndani ya ubongo, zinazobeba kumbukumbu na kumwezesha mtu kujizuia hasira. Picha ya CT, ile ya mashine inayopiga kichwa kwa ndani, huonyesha damu na mfupa uliovunjika, ila nyuzi hizo zikikatika picha inaweza kutoka safi kabisa. Wapo pia ambao damu hujikusanya polepole, hasa wazee, dalili zikaja baada ya wiki kadhaa.

Mheshimiwa, hapa ndipo fidia yetu inapokosea. Kidole kikikatika kila mtu anakiona na kukihesabu. Akili inayochelewa kuonyesha maumivu yake inakuta faili limeshafungwa. Zanzibar tuna sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 1986. Bara walitunga yao mwaka 2008 wakapata mfuko wa fidia, lakini kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo mfuko ule hauvuki bahari. Haya ni ya kwetu kuyatengeneza.

Ninachoomba hasa ni kwamba madai ya mtu yeyote aliyegonga kichwa kazini yasifungwe siku plasta inapofunguliwa. Yabaki wazi mwaka mzima, apimwe tena kumbukumbu, hasira, usingizi, kuona na kunusa, na mke au mama anayeishi naye aulizwe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi husema hana kitu. Kaka alisema hivyo mbele ya ofisa, wakamwamini. Wapimaji waje Pemba kwa zamu. Nauli ya meli na siku za kulala Unguja tulizilipa kwa kuuza mbuzi.

Na vituo vya afya viandike tangu siku ya kwanza: alianguka saa ngapi, alizimia au hakuzimia, alitapika mara ngapi. Sisi hatukuandikiwa hata kutapika kwake, na tulipokwenda kuuliza tuliambiwa hakuna ushahidi.

Wachumaji wengi hawana mkataba, wanalipwa kwa pishi na kuondoka. Nao ni wafanyakazi, Mheshimiwa.

Kaka hapandi tena mkarafuu. Anachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pamoja na watoto, akichoka anaingia ndani. Barua ya daktari ninayo, na karatasi ya hospitali ya siku ile ninayo. Naomba faili lake lifunguliwe upya. Siku yoyote nitakayoitwa nitakuja naye.

Wako mtiifu,
Dada wa mchumaji karafuu
Wete, Pemba