Pasentaili ya mtoto si alama ya mtihani

Mhariri,

Wazazi wengi wakiambiwa mtoto yuko pasentaili ya 15 huingiwa na hofu, kana kwamba amefeli mtihani. Sivyo. Maana yake, katika watoto 100 wenye afya, wa umri na jinsia ileile, takriban 15 wana uzito mdogo kuliko wake. Anayefuata mstari huo wa pasentaili kwenye chati ya ukuaji mwezi hadi mwezi kwa kawaida hana tatizo. Wa kuchunguzwa mapema ni yule aliyekuwa 85 akateremka hadi 15, ingawa 15 yenyewe si namba mbaya.

Ila kwanza kagueni kipimo. Mizani isiyoanzia sifuri hudanganya, na nepi iliyolowa huongeza uzito usiokuwepo, mvueni. Chini ya miaka 2, urefu hupimwa mtoto akiwa amelala, magoti yamenyooshwa. Akisimamishwa hupungua kama sentimita 0.7, mstari ukaonekana umeshuka bure. Aliyezaliwa wiki ya 32 ya ujauzito naye, akifikisha miezi 6, asomwe kwenye umri wa miezi 4, kwani alitangulia wiki 8. Hili husahaulika mno.

Muuguzi wa watoto