Kwa wanangu mnaotengeneza avata za kuwasaidia wanafunzi

Wanangu,

Nawaandikia mapema, kabla hamjamaliza kuchora nyuso za avata zenu, yaani wahusika wa kompyuta watakaozungumza na wanafunzi. Huruma ya avata hupimwa kwa sentensi inayoisema mara mwanafunzi anapokosea, na hapo ndipo nawaomba mtumie muda wenu mwingi.

Chukueni mwanafunzi aliyeulizwa 3/4 + 1/6, akajibu 4/10. Mkiiacha avata iseme, "Pole, najua ni ngumu, usikate tamaa!", mtoto bado hajui alipokosea, na juu ya hayo ameambiwa kwamba hesabu ni ngumu. Iseme hivi: "Umejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wengi huanza hivyo. Hebu linganisha: 4/10 ni kubwa au ndogo kuliko 3/4 uliyoanza nayo?" Kisha inyamaze. Mwanafunzi ataduwaa. Mwacheni aduwae kidogo, maana kuchanganyikiwa kunakopata ufumbuzi humjenga. Kinachomvunja moyo ni kuachwa humo. Akirudia kosa lile lile mara mbili, apewe kidokezo. Mara ya tatu, aonyeshwe mfano uliofanywa hatua kwa hatua, halafu swali jipya la aina hiyo. Bado? Mwalimu wake ajulishwe siku hiyo hiyo.

Kamera ya kusoma hisia usoni mwa mwanafunzi izimeni. Uso uliokunjwa waweza kuwa hasira, waweza kuwa umakini, au jua tu la dirishani. Tazameni kazi yake: anayebonyeza kidokezo mfululizo bila kusoma, anayejibu kabla swali halijasomeka, anayefuta na kuandika lile lile. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025, umepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia kwa sura au sauti katika taasisi za elimu, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Msingoje sheria ya kwenu.

La mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi. Mwaka 1966 mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum alitangaza ELIZA, programu isiyo na uso wala sauti, iliyomrudishia mtu maneno yake mwenyewe kama maswali. Hata hivyo watu waliifungulia mioyo. Yenu ina uso. Ipo siku mtoto ataiambia kwamba anapigwa nyumbani. Isimwahidi kutunza siri, wala isijifanye inaumia pamoja naye. Imwambie wazi kwamba yenyewe ni programu, imtajie mtu mzima atakayeelezwa, na ujumbe umfikie mtu huyo papo hapo. Kama shuleni hakuna aliyeteuliwa kuupokea, msiiwashe.