Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Dirisha la Mwisho Lisifungwe

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia,

YAH: KUHAMISHIA HUDUMA ZOTE ZA UMMA MTANDAONI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mtumishi mstaafu niliyekaa miaka 22 nyuma ya dirisha la ofisi ya umma, kuhusu mpango wa kuhamishia huduma zote za serikali mtandaoni na kuyafunga madirisha ambayo wananchi wamezoea kuhudumiwa ana kwa ana. Sina ugomvi na mtandao. Nimeshuhudia foleni zilizokuwa zikianza alfajiri zikitoweka, majalada yaliyokuwa yakipotea yakipatikana kwa dakika chache, na karani mwenye tabia ya kumwambia mtu "njoo kesho" akikosa upenyo wa kudai chochote, kwa kuwa malipo yanaingia moja kwa moja kwenye mfumo na risiti inatoka hapo hapo. Hofu yangu ni kufungwa kwa dirisha la mwisho.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini alinijia mama mmoja mjane aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe. Mfumo ulimtaka aingize namba za uthibitisho, nazo zilikuwa zikitumwa kwenye laini ya simu ya marehemu, ambayo ilikwisha kufungwa kwa kutotumika. Ili abadilishe namba hiyo alitakiwa kwanza aingie kwenye akaunti, na ili aingie kwenye akaunti alihitaji ujumbe uliotumwa kwenye namba hiyo hiyo. Alikuwa amehangaika hivyo kwa miezi minne. Nilichukua cheti cha kifo, cheti cha ndoa na kitambulisho chake, nikajaza fomu ya karatasi, mkuu wangu akatia saini, na jambo likaisha kabla ya saa sita mchana. Mfumo ulikuwa umefanya kila ulichoelekezwa, ila aliyeandika maelekezo hayo hakumfikiria mjane, na pasipo dirisha hapangekuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuligundua hilo.

Watu wa namna hiyo ni wengi. Yupo fundi wa ujenzi ambaye alama za vidole zimelika kwa miaka ya kushika saruji, yupo ambaye jina la baba yake limeandikwa kwa tahajia mbili katika vyeti viwili hata kompyuta ikamhesabu kuwa watu wawili, na yupo asiyeona anayetakiwa asome herufi zilizopindwa ndani ya picha ili athibitishe kuwa yeye ni binadamu.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu wapatao bilioni 2.6, karibu theluthi moja ya watu wote duniani, walikuwa hawatumii intaneti. Hata hivyo, wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale ambao hesabu hiyo haiwaoneshi, yaani wanaohesabiwa kuwa watumiaji kwa sababu tu ipo akaunti yenye majina yao, ilhali aliyeifungua ni mtu mwingine, nenosiri analijua mtu mwingine, na ujumbe wa serikali unasomwa na mtu mwingine.

Dirisha la umma likifungwa, Mheshimiwa, kazi ya karani haifi bali inahamia mtaani, kwa yule anayewajazia watu fomu kwa malipo. Wengi wao ni watu waadilifu, nami siwalaumu kwa kujaza pengo tuliloliacha sisi. Lakini karani wa serikali alifungwa na wajibu wa kutunza siri, alikuwa na jina kifuani, alikuwa na mkuu wa kushtakiwa kwake, na alipokosea lilikuwapo jalada la kumuumbua. Huyu wa mtaani hana hata kimoja kati ya hivyo, naye hukabidhiwa namba ya kitambulisho, nenosiri, tarehe za kuzaliwa za watoto, na pengine hata namba ya siri ya akaunti ya fedha. Tunagharamia ulinzi wa mifumo yetu dhidi ya wadukuzi, kisha tunawalazimisha walio wanyonge kuliko wote kumpa funguo mtu wasiyemjua. Hata pale msaidizi anapokuwa mjukuu mwenye mapenzi mema, mzee huyo hana tena jambo lililo lake peke yake, kwa maana maradhi yake, madeni yake na urithi anaokusudia kuuacha vyote sharti vipite kwanza machoni pa mwenye simu.

Lipo pia tatizo la kompyuta kusadikiwa kuliko binadamu. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa vituo vya posta walishtakiwa kwa wizi na makosa mengine ya fedha kwa sababu mfumo wa hesabu uitwao Horizon ulionesha upungufu wa fedha ambao mara nyingi haukuwapo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 ili kufuta nyingi za hukumu hizo kwa pamoja. Walikuwa wamelalamika tangu mwanzo, lakini malalamiko yao yaliishia kwa watu waliokwisha kuamini kwamba mfumo haukosei.

Yapo mataifa yaliyojaribu njia nyingine. Denmark ilipofanya barua za serikali kwa njia ya kidijiti kuwa lazima mwaka 2014, iliwaruhusu wasioweza kuzipokea kwa njia hiyo waombe kuondolewa katika sharti hilo na waendelee kupata barua za karatasi. Naomba nasi tuige busara hiyo. Kila huduma ibaki na dirisha lenye ofisa aliyepewa mamlaka ya kuamua, kwa sababu ofisa ambaye kazi yake ni kumwambia mwananchi "jaribu tena mtandaoni" hawezi kumsaidia aliyekwisha kujaribu mara kumi. Sheria imruhusu mwananchi kumteua msaidizi anayetambulika kwa jina lake na kuingia kwa nenosiri lake mwenyewe, ili ijulikane nani alifanya nini. Na mtu anaponyimwa huduma na mfumo, apewe sababu kwa maandishi na jina la ofisa wa kumpelekea rufaa.

Kabla ya dirisha lolote kufungwa, naomba waliobuni mfumo waketi hapo kwa wiki nzima wakiwahudumia watu wenyewe, na orodha ya mashauri yote yaliyoshindikana iletwe mezani kwako kabla hujatia saini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtumishi mstaafu wa dirishani