Barua ya wazi kwenu wenye biashara ndogo: mkisemwa vibaya mtandaoni msikimbilie kujibu

Wanangu, salamu zenu nyote. Nawaandikia nyie mnaoendesha biashara peke yenu au na msaidizi mmoja wawili, mafundi, wa saluni, washonaji, wauzaji wa kwenye simu, wote ambao mkifunga siku ndo mnakaa kuangalia watu wameandika nini. Nimekaa kimya muda mrefu ila kuna kitu nakiona kila mara kinaniumiza. Mteja kaandika mistari miwili ya kulalamika, mwenye biashara kajibu mistari ishirini ya hasira, kufika jioni skrinshoti imeshazunguka kila grupu na mtu anayeijua kazi yake vizuri kabisa amechafuka. Alafu ukifuatilia unakuta kosa lenyewe lilikuwa dogo, lingeisha kwa simu moja, kilichomchafua ni jibu lake.

Najua inauma, na sitaki mtu awaambie kwamba haitakiwi kuuma. Kampuni kubwa ikisemwa vibaya anayesoma ni mfanyakazi wa zamu, zamu ikiisha anaenda zake. Wewe umeanza na akiba yako, umekesha, umekosa hata kwenda kwenye shughuli za ndugu zako kwa ajili ya hiyo kazi, kwahiyo mtu akiandika "huduma mbovu" unachosikia ni kwamba wewe ndo mbovu, na mtu akiguswa utu wake lazima arushe mkono. Lakini yule mteja hajakuongelea wewe, wala hakujui. Ameongelea mzigo uliochelewa, au simu ambayo haikupokelewa, au nguo iliyombana. Ukiweza kuitoa nafsi yako pembeni hata kwa nusu saa tu, ukabaki na huo mzigo na hiyo simu, nusu ya ugomvi imeisha hapo hapo.

Enzi zetu mteja akikasirika alikuja mwenyewe, mnasemezana, waliosikia ni wale waliokuwepo, kesho yake yamesahaulika. Sasa hivi maneno yanabaki pale pale, mtu anatafuta jina la biashara yako baada ya miaka miwili anakutana nayo kama yameandikwa jana, na jibu lako lipo chini yake. Kwahiyo ukijibu usidhani unaongea na aliyelalamika peke yake. Wapo wanaosoma kimya kimya, hela wanazo, hawajaamua, hawakujui wewe wala yeye. Hawana namna ya kujua nani mkweli na wengi wao wala hawahangaiki kutafuta, wanachoangalia ni kimoja tu: siku na mimi likinikuta jambo na huyu mtu, atanifanyia nini? Jibu wanalipata kwenye yale uliyomwandikia mwenzao.

Na msione ni maneno ya wazee tu. Mwaka 2011 mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha Harvard, Michael Luca, aliangalia mapato ya migahawa ya Seattle kule Marekani akayalinganisha na nyota ambazo wateja wanaipa kwenye Yelp, mtandao wa watu kuandika maoni yao kuhusu biashara, akakuta nyota moja ikiongezeka mapato yanapanda kati ya asilimia 5 na 9. Na hapa ndo pa kwenu: hiyo nguvu ilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi, ile yenye majina makubwa ya matawi mengi haikuguswa, kwasababu jina lake watu tayari wanalijua. Wewe hakuna anayekujua mpaka asome, yaani maneno ya mtandaoni yana uzito kwako kuliko kwa mkubwa. Alafu kuna watafiti wengine wawili, Davide Proserpio na Georgios Zervas, wao walifuatilia hoteli za Texas zilizoanza kujibu wateja kwenye TripAdvisor, mtandao kama huo ila wa wasafiri, wakakuta rivyu, yaani maoni ya wateja, ziliongezeka kwa asilimia 12 na wastani wa nyota ukapanda kidogo, nyota 0.12 hivi. Kinachonivutia zaidi mimi sio hizo namba, ni kwamba lawama zilipungua idadi lakini zilizobaki zikawa ndefu. Mtu akijua kuna mwenye mali anasoma na anajibu, haandiki ovyo, anatulia anaeleza kilichotokea, na maelezo ndo unayoyahitaji ili urekebishe.

Sasa tuje kwenye lile saa la kwanza, mana hapo ndo wengi mnapoharibu. Umeona komenti, mikono inatetemeka. Usiandike kitu kwenye kile kiboksi cha kujibu, kabisa, ukitaka kuandika andika kwenye sehemu ya kumbukumbu (notes) ya simu yako ambapo haiwezi kutoka kwa bahati mbaya. Piga skrinshoti uhifadhi. Alafu tafuta ukweli: fungua rekodi zako, oda ilikuwa lini, risiti iko wapi, meseji mlizoandikiana zinasemaje, muulize aliyemhudumia bila kumtisha mana ukimtisha atakuficha. Mara nyingi sana ukifika hapo unakuta mteja ana haki, au ana nusu ya haki, na ile hasira inageuka kuwa aibu kidogo ambayo ni afadhali mara mia. Ukimaliza mpe mtu mwingine asome ulichoandika, awe mtu asiyekuogopa. Lakini usilale nayo wiki nzima, ndani ya siku moja au mbili jibu liwe limetoka. Isipokuwa kama mtu ameumia, ameugua au hela yake imepotea, hapo usisubiri, andika saa hiyo hiyo kwamba umeona na unalifuatilia, na kweli ulifuatilie.

Jibu lenyewe liweje? Ngoja niwaandikie mfano, mtauchukua mbadilishe wenyewe: "Habari, asante kwa kutuambia. Ni kweli mzigo wako ulitakiwa kufika Jumanne ukafika Ijumaa, na hatukukujulisha. Kosa ni letu, tunaomba radhi. Leo tumekurudishia hela ya usafiri, na kuanzia sasa mzigo ukikwama tunampigia mteja siku hiyo hiyo. Mimi ndo mwenye biashara, nimekutumia namba yangu inboksi, naomba tuongee."

Angalieni kilichomo. Kosa limetajwa kwa jina lake, siku zimetajwa, kilichofanyika kimesemwa, kitakachobadilika kimesemwa, na kuna mtu anayejulikana nyuma ya hayo maneno. Hamna stori ya kwamba dereva aliugua, mtandao ulisumbua, mama mwenye nyumba alibadilisha kufuli. Hizo sababu zinaweza kuwa za kweli kabisa, ila anayesoma anaona unajitetea tu. Hamna pia "samahani kama ulijisikia vibaya", mana hapo unaomba radhi kwa hisia za mtu badala ya kitu ulichofanya, na watu wanalihisi hilo hata wasipoweza kulieleza. Na usikopi jibu moja ukalibandika kwa watu kumi, wanaosoma wanashuka chini wanaziona zote zimefanana wanajua hakuna aliyesomwa.

Kuna hii tabia ya kujibu "njoo inboksi" basi, ukaishia hapo. Kwako unaona umemalizana naye kiungwana lakini kwa anayesoma ni kama umemvuta mtu chumbani ukafunga mlango. Sema kwanza jambo la maana hadharani, alafu mwende inboksi kwa ajili ya namba za simu na mambo ya hela, na likiisha rudi pale pale uandike kwamba limeisha. Usimdai afute komenti yake kabla hujamlipa au kama sharti la kumlipa. Ukimtendea vizuri wengi wanarudi wenyewe kuandika kwamba wametendewa vizuri, na hiyo ina thamani kuliko kufuta.

Kwenye hasira kuna mtego mwingine, kutoa siri za mteja ili uonekane uko sahihi. Mwaka 2019 kliniki moja ya meno ya Dallas kule Marekani ilitozwa dola 10,000 na serikali kwasababu ilimjibu mgonjwa kwenye Yelp ikataja jina lake la ukoo na mambo ya afya yake. Labda kwenu hamna wagonjwa, lakini mnajua nani anadaiwa, nani alikopa, nani alikuja kununua kitu ambacho mume wake hajui. Ukibandika skrinshoti za inboksi kuonyesha mteja ni muongo, hata kama ni muongo kweli, kila mteja wako mwingine anaanza kufikiria yeye alikuandikia nini. Umeshinda mmoja umewatia hofu wote.

Na kunyamazisha watu, wanangu, hilo liacheni kabisa. Kuna hoteli ndogo pale Hudson, New York, iliweka sharti kwamba waliofanyia harusi kwao watakatwa dola 500 kwa kila rivyu mbaya itakayoandikwa na mgeni wao. Mwaka 2014 habari ikatoka, na watu ambao hawajawahi kukanyaga pale wakamiminika kuandika rivyu mbaya kwa maelfu. Na yule msanii Barbra Streisand mwaka 2003 alifungua kesi ili picha ya nyumba yake iondolewe mtandaoni, picha ambayo kabla ya kesi ilikuwa imepakuliwa mara sita tu na mbili kati ya hizo ni mawakili wake, mwezi uliofuata watu zaidi ya 420,000 wakaenda kuiangalia. Kesi akashindwa na gharama akalipa. Marekani waliishia kutunga sheria mwaka 2016 inayokataza mikataba ya kumziba mteja mdomo. Sasa wewe ukidiliti komenti ya mtu aliyekulipa na hajapata alichokilipia, ukambloku, unadhani ataenda kulala? Ataenda kwenye ukurasa wake na skrinshoti mkononi, na stori sasa ni mbili, ile ya mzigo na ile ya kublokiwa. Matusi, vitisho, kumtukana mtu kwa kabila au dini yake, futa bila kujiuliza. Lalamiko liache lionekane na jibu lako chini yake.

Vilevile msijinunulie sifa. Nawajua mnaowaambia mabinamu na wapwa waandike nyota tano, na wapo watu wanaoziuza kabisa kwa mafungu. Marekani sheria ya kupiga marufuku kununua na kuuza rivyu za uongo imeanza kufanya kazi Oktoba 2024, Uingereza nao Aprili 2025, na wenye majukwaa wenyewe, yaani wenye hiyo mitandao, wanafuta akaunti. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, mteja anaona, sifa ishirini za siku moja zote zimeandikwa "huduma nzuri sana" na watu wasio na picha. Waombe wateja wako wa kweli waandike walichokiona, kizuri na kibaya, omba kila mtu, usiwachague wanaotabasamu. Na msitume mashabiki wenu wakamshambulie mtu aliyelalamika, hilo naliona sana na linanisikitisha kuliko yote, mtu kasema saa yake haijatengenezwa vizuri anaamka kuna watu mia wanamtukana yeye na wazazi wake. Ukiona imeanza, wewe mwenyewe uandike hadharani waache, ni wajibu wako.

Najua mtaniuliza, je akiwa muongo? Wapo, na wapo washindani wanaojificha nyuma ya majina ya bandia. Jibu mara moja tu kwa utulivu, "tumetafuta oda kwa jina hili kwenye rekodi zetu hatujaiona, tunaomba utupe namba ya risiti au tarehe tulishughulikie", alafu ripoti kwa wenye jukwaa. Mjue kwamba jukwaa halifuti kitu kwasababu wewe hukubaliani nacho, linafuta kilichovunja masharti yake, kwahiyo soma masharti uonyeshe lipi limevunjwa. Ukirushiana maneno naye raundi ya pili na ya tatu unampa alichokuja kukitafuta. Anayesema nipe hela au nakuchafua, usimpe hata senti, hifadhi kila meseji, ripoti kwa jukwaa na kwa polisi, mana ukimlipa leo atarudi. Mwanasheria mfuate pale tu ambapo mtu amedai jambo la uongo linaloweza kuthibitishwa kuwa uongo na limekutia hasara kweli, mfano amesema umemwibia. Akisema kazi yako haijampendeza hayo ni maoni yake na ni haki yake.

Nina moja nilitaka kulisahau. Weka daftari. Kila lalamiko liandike, tarehe, jambo, nani alihudumia, lilimalizwaje. Watu watatu wasiojuana wakisema hupokei simu, basi hupokei simu, hakuna cha njama hapo. Na kama una msaidizi anayeshika simu ya biashara mwambie wazi kipi anaruhusiwa kujibu mwenyewe na kipi lazima akuite, mpe na uwezo wa kurudisha hela kidogo bila kukusubiri, mana mengi ya kule mtandaoni yalianzia kwa msaidizi aliyesema "bosi hayupo" mara tatu mpaka mtu akachoka.

Kama kuna mmoja wenu hivi sasa ana komenti inayomnyima usingizi na hajaijibu, aniandikie kabla hajaijibu. Nitumie komenti yenyewe, ukweli wote wa kilichotokea hata ule unaokuumbua, na rasimu ya jibu lako. Nitaisoma usiku huo huo na tutaiandika pamoja.

Ni mimi mzee wenu, ninayewapenda.