Usiondoke kituoni mikono mitupu

Mwenzangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na barua nimeisoma yote kisha nikairudia. Nimeshukuru kwamba wewe na watoto mko mahali asipopajua huyo mwanamume aliyekuumiza. Mengine tutayazungumza tukionana. Leo nakujibu lile uliloniuliza, namna ya kupata nakala ya taarifa uliyoandikisha polisi, maana naona wanakuzungusha kwa njoo kesho, njoo kesho.

Hukuniambia kama siku uliyoripoti ulipewa namba ya jalada, yaani ya faili la kesi yako. Itafute kwanza hiyo. Bila namba utasimama kaunta ukisimulia upya, mbele ya watu, mambo ambayo hata mimi hukunieleza yote, na karani atapekua kwa jina ambalo huenda liliandikwa vibaya. Kama hukupewa, nenda na tarehe, saa, mahali tukio lilipotokea na jina la askari aliyekusikiliza. Ile simu uliyopiga usiku kuomba msaada nayo iulizie. Mara nyingi huwa imeandikwa mahali, na saa yake. Kama askari walifika wakaondoka bila kuandika chochote, hiyo itaonyesha kwamba uliita.

Nakala iombe kwa maandishi. Sema wewe ndiye mlalamikaji, unataka taarifa kamili na si muhtasari, na picha kama walipiga, kwa sababu picha mara nyingi haziambatani na taarifa mpaka ziombwe. Barua yako ya maombi wagongee mhuri, nakala ubaki nayo. Wakikujibu kwamba upelelezi haujaisha, usipoteze nguvu kubishana. Waombe wakuandikie hiyo sababu, au wakupe barua fupi inayothibitisha kwamba uliripoti, na lini. Wala usikae kuisubiri taarifa ndipo uombe amri ya ulinzi mahakamani, ile ya kumzuia asikusogelee. Sehemu nyingi maelezo yako ya kiapo yanatosha kuanzia. Muulize msaidizi wa kisheria kabla hujaambiwa vingine na mtu wa kaunta.

Ukishaipata, isome, hata kama mkono unatetemeka. Mimi niliambiwa kila kitu kimeandikwa vizuri. Kuja kusoma, nikakuta "wanandoa walikorofishana, mke akapata michubuko midogo." Nilikuwa nimemwambia yule askari kwamba mume wangu alinikaba koo kwa mikono miwili mpaka macho yakaingia giza. Koo halimo, mikono haimo, na hiyo michubuko kama vile ilijileta yenyewe! Nilirudi nikaandikisha maelezo ya nyongeza, nikayasoma neno kwa neno kabla ya kusaini. Maelezo ya awali kwa kawaida hayafutwi, lakini ya nyongeza huingia kwenye jalada lile lile. Kwa hiyo ukiona kosa, usimsihi mtu akubadilishie, andikisha mapya.

Nimekutajia koo kwa makusudi, kwa sababu uliniandikia kwamba sauti imekukauka tangu siku ile na kumeza kunauma. Nenda hospitali leo, usingoje karatasi ya mtu. Kukabwa kunaweza kusiache alama yoyote nje huku ndani umeumia, na mwanamume aliyewahi kukukaba ni wa kuogopwa kuliko aliyekupiga kofi. Mwambie daktari waziwazi nani alikufanyia na vipi, aandike. Cheti chake kinasimama chenyewe hata polisi wakichelewa. Michubuko nayo huiva baada ya siku moja mbili, kwa hiyo jipige picha tena, uso uonekane kwenye moja kisha karibu zaidi kwenye nyingine.

Kama lugha wanayoandikia maelezo huimudu vizuri, omba mkalimani. Asiwe mwanao, asiwe ndugu wa huyo mwanamume, hata akijitolea kwa upole namna gani.

Halafu anwani. Hili linanikosesha usingizi. Kabla hujajaza unapoishi sasa, uliza nani mwingine anaweza kuiona taarifa hiyo, kwa sababu ikifika mahakamani upande wake huenda ukapewa nakala. Omba anwani ifichwe, au utumie ya wakili. Na usiwape ile barua pepe mliyokuwa mkitumia wote wawili, ya zamani. Fungua nyingine kwenye simu ambayo hajawahi kuishika.

Nakala moja niletee mimi nikutunzie. Ya pili kaa nayo, ila si ndani ya mkoba unaobeba kila siku.

Ukipenda twende wote kituoni, niambie siku. Nitakaa pembeni, sitaongea mpaka uniangalie. Nipigie kwa namba ya dada yangu, ile yangu anaijua.

Ni mimi, mwenzio wa siku zote.